Uza Nazi, Usiuze Mnazi: Mwongozo Kamili wa Kuishi kwa Kutunga Nyimbo

Kwetu Tanga, kama ilivyo Unguja, mtu anaweza kuwa na minazi kwenye shamba lisilo lake. Ardhi ya huyu, minazi ya yule, na wote wawili wanajuana. Bibi yangu alikuwa na minazi sita kwenye shamba la jirani. Kila baada ya miezi kama mitatu mkwezi alipanda, nazi zikaangushwa na kuhesabiwa chini ya mti, na bibi akapata sukari, mafuta ya taa na ada yangu ya shule. Watu walimfuata mara nyingi wakitaka minazi yenyewe. Aliwauzia nazi.

Nilipokuja Dar es Salaam kutunga nyimbo nikayasahau hayo kwa miaka sita mizima. Wimbo wangu wa kwanza kupigwa redioni niliuuza kwa shilingi 50,000 kwenye ngazi za studio, bila karatasi wala jina. Mwaka ule niliusikia kwenye daladala, nikausikia ukumbini kwenye harusi, nikausikia kwenye simu ya mpangaji mwenzangu akipika. Kila ulipopigwa, kuna mtu alikuwa anaangua nazi, na mtu huyo hakuwa mimi.

Haya ninayoandika ni kwa ajili yako unayetunga, uwe unaimba mwenyewe au unawatungia wengine, na huna lebo nyuma yako. Nazungumzia zaidi Tanzania Bara kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi; palipo na tofauti ya Zanzibar au Kenya nitasema.

Hatua ya 1: Jua unachomiliki

Wimbo mmoja uliorekodiwa ni mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodi. Ya pili ni rekodi, ile sauti iliyopikwa studio siku fulani na watu fulani. Ndiyo ile habari ya ardhi na minazi: mali mbili mahali pamoja, na wenyewe wanaweza kuwa tofauti. Waimbaji kumi wakirekodi wimbo wako, rekodi ni kumi na kila moja ina mwenyewe, lakini utunzi ni uleule mmoja, nao ni wako.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inazitenganisha mali hizi tangu kwenye jina lake. Hakimiliki ni ya mtunzi. Hakishiriki ni ya mwimbaji, ya aliyetengeneza rekodi na ya kituo cha utangazaji. Hakimiliki yako inaanza pale unapoitunga kazi, si pale unapoisajili, na inaendelea maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kenya pia ni uhai wa mtunzi na miaka 50. Zaidi ya fedha, sheria inakupa haki ya kutajwa jina kama mtunzi, na hii watu wengi wanaiachia bila kujua kwamba wameachia kitu.

Prodyuza naye? Akitengeneza biti yenye melodi yake, ile ya gitaa au kinanda inayotambulika hata bila maneno, ameshiriki kwenye utunzi. Ukibishana naye kwenye hilo utakosea, na utampoteza mtu unayemhitaji.

Hatua ya 2: Jifunze kazi yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana mkataba mzuri juu ya wimbo mbovu ni karatasi tu.

Huku Pwani mtunzi na mwimbaji si lazima wawe mtu mmoja. Kwenye taarab mshairi aliandika, fundi wa muziki akatia sauti, mwimbaji akaimba, na hakuna aliyeona ajabu. Wewe unaingia kwenye kazi yenye kanuni zake, na kanuni hizo bado zinafanya kazi kwenye Bongo Fleva. Anza na mizani, yaani hesabu ya silabi. Hii hapa mistari miwili niliyomwandikia dada mmoja wa taarab:

Kwa kiu ya uhitaji, nikakimbia kwa pupa,
Kisima hakina maji, ndoo nimeshaitupa.

Hesabu kwa vidole. Kila kipande kina mizani nane, kila mstari kumi na sita. Sasa tuseme mpiga kinanda amekuletea melodi ambayo kipande cha mwisho kina noti saba tu. Usimwombe abadilishe muziki, na usimlazimishe mwimbaji akimbize maneno. Washairi wametuachia inkisari, ruhusa ya kulifupisha neno: "nimeshaitupa" inakuwa "nishaitupa", na kipande kinarudi mizani saba bila maana kuguswa. Noti zikizidi, kuna mazida, yaani kulirefusha neno. Kiswahili cha mitaani kinafupisha chenyewe, "nimekwisha" ikawa "nimesha" ikawa "nisha", kwa hiyo inkisari nzuri haisikiki kama ushairi. Inasikika kama mtu anaongea.

Jambo la pili ni mkazo, na hili ndilo linaloharibu nyimbo nyingi zenye maneno mazuri. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ki-SI-ma, na-ku-PE-nda. Melodi ikiweka noti ndefu na pigo zito kwenye "-nda", masikio yanasikia kitu kimepinda hata kama msikilizaji hawezi kukueleza ni nini. Wakati mwingine maana yenyewe inageuka. Barabara ya kupitia gari tunaitamka bara-BA-ra; kitu kilichokaa sawasawa tunasema ba-RA-bara. Niliwahi kumsikiliza kijana aliyeimba kwamba penzi lake limekaa vizuri, lakini melodi ilimtupia mkazo upande wa pili, na watu wote studio tukaona lami. Dawa yake ni hii: andika mstari, useme kwa mdomo kama unaongea na mtu huku unapiga makofi, kisha kwa penseli pigia mstari chini ya kila silabi iliyokazwa. Silabi hizo ndizo zikae kwenye mapigo mazito. Zisipokaa, badilisha maneno kabla hujagusa melodi, kwa sababu melodi nzuri ni adimu kuliko maneno.

La tatu ni vina. Karibu kila kitenzi chetu kinaishia na "a", basi anayeanza anapanga "nalia", "napenda", "nakuja" akaamini amepata kina. Hajapata. Kina cha silabi moja kinamtosha msomaji wa diwani aliyetulia kitandani, lakini juu ya ngoma na besi sikio linahitaji silabi ya mwisho ifanane pamoja na irabu iliyo kabla yake: uhitaji na maji, pupa na itupa. Hiyo si kanuni ya kitabuni, ni maoni yangu baada ya kuangalia watu wanaitika nini ukumbini.

Na kila muziki una pumzi yake. Singeli ya Manzese na Tandale inakwenda mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Humo andika maneno mafupi, majina ya watu na mitaa, na vitu vya kushikika. Kwaya inataka mistari ambayo watu arobaini wanaweza kuitamka kwa pamoja bila kugongana. Taarab inataka neno lenye tumbo, linalobeba maana ya pili ambayo mlengwa tu ndiye ataishtukia.

Kuhusu ratiba, mimi huandika baada ya Alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, siku tano kwa wiki, na nina sharti moja: kila Ijumaa wimbo mmoja uwe umekwisha. Sisemi uwe mzuri, nasema uwe umekwisha, beti mbili, kiitikio na daraja, ile sehemu yenye melodi tofauti inayokuja kabla ya kiitikio cha mwisho. Wengi wana viitikio sabini kwenye simu na hawana wimbo hata mmoja wa kumpa mtu. Kati ya nyimbo hamsini za mwaka, mimi nikipata nane za kumpelekea mwimbaji nashukuru.

Hatua ya 3: Tengeneza demo inayosikilizika

Demo, yaani rekodi ya mfano ya kumsikilizisha mwimbaji, haihitaji studio. Simu yako, gitaa au programu ya kinanda, na chumba kisicho na mwangwi vinatosha. Zima feni, funga dirisha linalotazama barabara, tundika blanketi nzito nyuma yako na nyingine mbele, simu iwe umbali wa shubiri mbili kutoka mdomoni, kidogo pembeni ili herufi "p" na "b" zisipige. Imba mara tatu mfululizo na uchague mara moja iliyo bora. Ukianza kuunganisha vipande utamaliza siku nzima, na anayesikiliza demo anasikiliza wimbo, hasikilizi ufundi wa mitambo.

Unapomtungia mtu, tafuta sauti yake kwanza. Mwombe aimbe wimbo wowote anaoupenda, umpandishie kidogo kidogo mpaka uone koo linakaza, kisha shuka sauti moja. Hapo ndipo pa kuweka noti ya juu kabisa ya kiitikio. Nimeona nyimbo nzuri zikikataliwa kwa sababu tu mtunzi mwanamume aliandika kwenye ufunguo wake, yaani kimo kinachofaa sauti yake, na kumpelekea mwimbaji mwanamke, naye akaona haumkai.

Jina la faili liwe na jina la wimbo, jina lako, kasi na tarehe. "Wimbo mpya final 3" haimwambii mtu chochote baada ya mwezi.

Hatua ya 4: Weka ushahidi, kisha sajili

Mpaka leo watu hubishana nani hasa aliyetunga "Malaika": wapo wanaomtaja Fadhili William, wapo wanaomtaja Adam Salim. Wimbo umezunguka dunia nzima na swali la mwenyewe halijatulia. Ushahidi wa siku ya kwanza ndio ulio rahisi kupatikana, nao hauna gharama.

Kila wimbo ukikwisha, fanya mambo manne siku hiyohiyo. Andika maneno kamili kwenye daftari lenye tarehe, na usichane kurasa zenye makosa, maana mikwaruzo ndiyo inayoonyesha wimbo ulivyozaliwa. Rekodi sauti. Jitumie maneno na sauti kwa barua pepe yako mwenyewe. Hifadhi rekodi za njiani pia, zile za kuguna bila maneno, kwa sababu mwizi huwa na wimbo uliokamilika lakini hana safari ya wimbo.

Kisha nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, ukasajili kazi zako. Zanzibar ni COSOZA, iliyotokana na Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003. Kenya ni KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko. Usajili hauzai haki, haki unayo tayari, ila unakupa karatasi ya serikali yenye tarehe, na mbele ya hakimu karatasi hiyo inazungumza kuliko marafiki kumi. Ukiwa hapo uliza chombo kinachokusanya mirabaha ya muziki, yaani malipo ya kazi yako kila inapotumiwa, kwa niaba ya watunzi, ujiunge nacho. Kusajili kazi na kujiunga na chombo cha kukusanya mirabaha ni mambo mawili. Wengi wanafanya la kwanza, wanarudi nyumbani kusubiri fedha ambazo hazijui njia ya kwao. Kwa wasomaji wa Kenya, KECOBO ndiyo inayotoa leseni kwa vyama hivyo na leseni ni za muda, kwa hiyo angalia kwanza chama kina leseni hai. Na popote ulipo, usikabidhi haki ileile kwa vyama viwili.

Ukiwa unapanda jukwaani pia, jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984.

Hatua ya 5: Gawaneni asilimia kabla hamjatoka studio

Hii ndiyo hatua niliyoiogopa kuliko zote, kwa sababu sisi tumelelewa kuona haya kutaja fedha mbele ya mtu tuliyekula naye. Nimejifunza namna ya kulisema. Wimbo ukiisha, kila mtu anafurahi, spika bado zina moto, namwambia prodyuza:

"Kaka, biti yako imeubeba huu wimbo. Kabla hatujatawanyika tuandike nani kafanya nini."

Mara nyingi ananijibu, "Dada, sisi si tunaaminiana?"

"Ndiyo maana nataka tuandike leo, tukiwa bado tunaaminiana."

Sijawahi kukataliwa baada ya hapo. Nimewahi kununiwa kwa dakika chache.

Karatasi yenyewe ni ya ukurasa mmoja. Juu kuna jina la wimbo, tarehe na mahali. Chini yake kila mmoja anaandika jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, jina la kisanii, simu, alichofanya, na asilimia yake ya utunzi. Asilimia zijumlishe mpaka zifike 100, msiache "tutaona". Kisha mstari wa pili, tofauti kabisa, unasema rekodi ni ya nani na kwa asilimia ngapi. Saini, na kila mtu apige picha karatasi kwa simu yake papo hapo.

Tuchukue mfano. Maneno yote na melodi ya kiitikio ni yako. Mwimbaji amebuni melodi ya beti. Prodyuza ametengeneza biti yenye melodi yake. Mkaafikiana wewe 50, prodyuza 30, mwimbaji 20. Mirabaha ya utunzi ikija shilingi 1,000,000, wewe unachukua 500,000, prodyuza 300,000, mwimbaji 200,000. Mwimbaji aliyeimba tu bila kubadilisha neno wala melodi hana asilimia ya utunzi. Ana hakishiriki yake kama mwimbaji, na anaweza kumiliki rekodi nzima. Mwenye jina kubwa atataka nusu ya utunzi kwa sababu ya jina lake. Mimi humpa kidogo akiwa kweli ataufikisha wimbo mbali, ila simpi zaidi ya ninachobaki nacho.

Hatua ya 6: Mikataba

Mwaka 1939, Johannesburg, Solomon Linda na kundi lake walirekodi wimbo wake "Mbube". Haki zake zikaenda kwa kampuni ya rekodi kwa shilingi 10. Wimbo ule ukavuka bahari, ukabadilishwa maneno, ukaimbwa Marekani na Ulaya na kuingizwa kwenye sinema. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Binti zake walipata suluhu ya kisheria mwaka 2006 tu. Ninapokaa mbele ya mkataba huifikiria ile shilingi 10, kwa sababu siku ile lazima ilionekana ni fedha.

Mikataba utakayokutana nayo ni ya aina tatu. Kuna kuuza haki zote moja kwa moja, ambako unapewa fedha mara moja na wimbo si wako tena. Kuna kutoa ruhusa, ambako wimbo unabaki wako na mwimbaji anapata haki ya kuurekodi na kuutoa kwa masharti mliyoandika. Kuna kazi ya kuagizwa, kama tangazo au wimbo wa taasisi. Lenga ya pili. Ada ya awali unaweza kuipata hata kwenye ruhusa: namwambia mwimbaji anilipe ada ya kuandika, ambayo ni nazi, na asilimia zangu za utunzi zibaki, ambazo ni mnazi.

Kwenye kila mkataba tafuta maneno haya kabla hujatafuta kiasi cha fedha: "haki zote", "milele", "duniani kote", "kwa namna zote zilizopo na zitakazovumbuliwa". Yakiwepo manne kwa pamoja, unauza mti na kivuli chake. Tafuta pia mkataba unasema nini kama wimbo hautatolewa. Mimi huandika kwamba usipotoka ndani ya miezi 12, ruhusa inakufa na wimbo unarudi kwangu, kwa sababu nilishawahi kuwa na nyimbo tatu zilizolala kwenye kompyuta ya mtu miaka minne bila kutoka na bila kuniachia niwape wengine. Mkataba ukiwa wa Kiingereza na huuelewi, omba siku saba. Anayekataa kukupa siku saba amekujibu swali lako. Wakili mmoja kwa saa moja ni gharama ndogo. Watunzi watatu wanaweza hata kuchangia mmoja akawatengenezea mkataba wa mfano mkautumia wote.

Hatua ya 7: Fedha inapatikana wapi

Mirabaha peke yake haitakulisha mwaka wa kwanza wala wa pili. Fedha inayolipa kodi ya nyumba inatoka kwenye kazi za kuagizwa, na hakuna aibu ndani yake.

Harusi zinalipa. Kamati inataka wimbo wenye majina ya bwana na bibi harusi na ukoo wa pande zote mbili. Pokea nusu kabla hujashika kalamu na nusu kabla hujatuma faili la mwisho, kwa sababu harusi ikipita kamati inavunjika na simu hazipokelewi. Maneno yenye majina yao ni yao waimbe watakavyo. Melodi andika kwamba ni yako, utaitumia tena.

Matangazo yanalipa zaidi, na ndiko nilikoumia zaidi. Niliandika kibwagizo cha tangazo la bidhaa moja ya nyumbani, nikalipwa mara moja, kikapigwa miaka minne. Sasa bei yangu ina mipaka: redio tu au redio na televisheni, nchi moja au zaidi, miezi mitatu au mwaka. Muda ukiisha wanarudi kuongeza. Taasisi za afya, elimu na mazingira nazo huagiza nyimbo, na karibu zote zinataka umiliki kamili. Hapo siwezi kuwadanganya: mara nyingine nimekubali, lakini kwa bei ya mti, na kwa sharti kwamba jina langu litajwe kila wimbo unapotoka.

Kwaya na vikundi vya kaswida hulipa kidogo ila hulipa mara nyingi, na waumini huimba wimbo kwa miaka. Milio ya simu bado inaingiza fedha, hasa Kenya kupitia Skiza, huduma ya milio ya Safaricom. Na mtandaoni, kwenye Boomplay, Spotify, YouTube na wengine, kuna jambo lazima ulielewe vizuri. Fedha inayolipwa na msambazaji, yule mnayempelekea faili aliweke kwenye majukwaa, ni fedha ya rekodi. Inakwenda kwa aliyefungua akaunti. Ya utunzi ina njia yake kupitia vyombo vya mirabaha. Kwa hiyo kama umekubaliana na mwimbaji upate asilimia 10 ya rekodi, usisubiri akutumie kila mwezi kwa hisani. Wapo wasambazaji, DistroKid mmojawao, wenye utaratibu wa kugawa mapato moja kwa moja. Mwombe akuingize humo siku ileile wimbo unapopakiwa.

Chukua TIN, namba ya mlipakodi, sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, fungua akaunti ya benki kwa jina hilo. Kampuni zikikukata kodi ya zuio, dai cheti chake na ukitunze. Bila mambo haya kampuni kubwa haziwezi kukulipa hata zikitaka. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania unakopesha wasanii. Ukikopa, nunua kifaa cha kazi, si video.

Hatua ya 8: Jina lako liandikwe vilevile kila mahali

Jambo dogo, lakini limenigharimu. Kwenye wimbo mmoja niliandikwa kwa jina la mtaani, kwenye mwingine kwa jina la mume wangu, kwenye wa tatu kwa jina langu likiwa limekosewa herufi. Kwa mfumo wa kompyuta hao ni watu watatu. Chagua jina moja la utunzi, lile la kitambulisho, na ulipeleke limeandikwa kwa herufi kubwa kwa kila prodyuza na kila mwimbaji anayepakia wimbo.

Namba ni tatu za kuzijua. ISRC ina tarakimu na herufi 12 na inatambulisha rekodi; msambazaji hukupa. ISWC inaanza na T na inatambulisha utunzi. IPI inakutambulisha wewe mwenyewe, na unaipata ukijiunga na chombo cha mirabaha. Ziweke zote kwenye jedwali moja: wimbo, watunzi, asilimia, mwimbaji, ISRC, ISWC, tarehe ya kutoka, mkataba uko wapi. Kila mwezi wa kwanza na wa saba mimi hukaa na jedwali hili siku nzima, nafungua kila wimbo kwenye jukwaa na kusoma sehemu ya watunzi. Nikikuta jina halipo, naandika ujumbe siku hiyo kwa upole, na nambatanisha picha ya ile karatasi ya asilimia.

Hatua ya 9: Watu, na wewe mwenyewe

Waimbaji hawapatikani kwa kutuma demo ishirini kwa mtu usiyemjua. Nenda mazoezini. Kaa pembeni ya bendi, ya kwaya, ya kikundi cha taarab. Wiki ya tatu wataanza kukuuliza unafanya nini. Hapo toa wimbo mmoja, ulioandikwa kwa sauti ya mtu yule, si ulioutoa stoo. Ukiogopa wizi kiasi cha kutomwonyesha mtu, nyimbo zitafia kwenye simu, na hizo ni nyingi kuliko zinazoibiwa.

Usiache kazi mapema. Nilikuwa nauza vitambaa Kariakoo miaka saba huku naandika, na niliondoka nikiwa na akiba ya miezi minane na wateja wanne wanaorudi. Kaunta ile ilinipa nusu ya mistari yangu, kwa sababu hakuna mahali watu wanasema ukweli kuhusu ndoa kama wanaponunua vitenge.

Hatua ya 10: Andika warithi

Miaka 50 baada ya kufa ni umri wa mjukuu. Kama hakuna anayejua umeandika nini na karatasi ziko wapi, mirabaha itabaki huko iliko. Kwenye wosia wako taja nyimbo kwa majina, na taja nani atakwenda kwenye chombo cha mirabaha kwa niaba ya wenzake. Peleka nakala ya fomu ya warithi kama chombo chako kinayo.

Yangu iko ndani ya debe la biskuti juu ya kabati: daftari kumi na moja, jedwali lililochapwa, mikataba kwa mpangilio wa miaka, na vyeti vya COSOTA. Binti yangu ana miaka kumi na mbili. Mwezi wa saba uliopita alikaa nami mezani, mimi nikasoma majina ya nyimbo, yeye akaweka tiki. Kwenye moja akasimama akauliza, "Mama, huu ndio ule wa kisima?" Nikamwambia ndio. Akaandika asilimia yangu pembeni, 50, kwa kalamu nyekundu.